Meza ya Mama Mhariri: Vijana wanane na tovuti isiyo na habari

Mwezi huu barua nyingi zilizonifikia zinauliza jambo moja. Vijana wanataka kuanzisha tovuti ya habari za mtaa wao, iandikwe na wakazi wenyewe bila mshahara. Nimeziweka pamoja hapa. Kwa msomaji mgeni: nilifanya kazi miaka mingi kwenye dawati la uhariri la gazeti la Kiswahili hapa Nairobi, nikisoma walichoandika wengine na kuwauliza maswali yasiyowapendeza. Nimestaafu, lakini maswali hayajaisha.

SWALI: Shikamoo Mama. Sisi ni vijana wanane wa Kayole. Tumechoka kusikia mtaa wetu ukitajwa redioni pale tu mtu anapouawa. Tumeshapata jina la tovuti, nembo ipo, na kuna kijana anayedai shilingi 45,000 atutengenezee. Mchango wetu wote ni 60,000. Tunapanga uzinduzi ukumbini, tumwalike diwani na wasanii, kisha tutangaze kwamba tutaandika habari za Eastlands yote kila siku. Tumeambatanisha makala moja ya mfano. Tunakosa nini? – Kijana wa Masimba, Kayole

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mnakosa habari. Umenitajia jina, nembo, ukumbi, wasanii na fundi wa kompyuta, na mwisho kabisa ndipo makala moja inachungulia. Hebu tuanze na hiyo makala.

Inafungua hivi: “Wakazi wa Soweto, Kayole, wamelalamikia vikali ukosefu wa taa za barabarani ambao umechangia kuzorota kwa usalama, huku wakiitaka serikali kuingilia kati.” Sentensi hii naijua kama jirani yangu. Nimeihariri ikihusu taa, maji, mabomba ya majitaka na fisi. Wakazi gani, na ni wangapi mliozungumza nao? Taa zipi? Nani amesema usalama umezorota, na amelinganisha na lini? Serikali gani, ya kaunti au ya kitaifa? Tena iingilie kati ya nini na nini?

Sasa fanya hivi. Saa mbili usiku, wawili wenu mtembee kutoka stejini hadi kwenye shule mnayoitaja, mhesabu nguzo. Mrudi siku nyingine mhesabu tena. Kesho yake mwende ofisi ya kaunti ndogo, muulize nani anashughulikia taa hizo na zilikaguliwa lini mara ya mwisho. Andikeni walivyojibu. Wasipojibu, andikeni kwamba hawakujibu, siku gani na mliuliza kupitia nani. Kisha sentensi yenu ya kwanza itakuwa ya namna hii: “Kati ya nguzo 11 za taa zilizo kati ya steji na shule, 4 ndizo zilizokuwa zikiwaka Jumanne usiku.” Nambari nimezibuni, zenu mtazipata barabarani. Mama anayefunga kibanda chake saa tatu atasoma sentensi hiyo hadi mwisho, na atamtumia dada yake. Ile ya “wamelalamikia vikali” hataimaliza, kwa sababu analalamika mwenyewe kila siku na hahitaji kuarifiwa.

Kuhusu Eastlands yote kila siku: acheni. Nairobi ina wadi 85, na Kayole peke yake ina tatu, Kaskazini, Kati na Kusini. Nyinyi ni wanane, na nina hakika baadhi yenu mnafanya kazi za kutwa nzima. Chagueni Kayole, Umoja muwaachie wa Umoja. Redio ya mtaa ya Koch FM ilipoanza mwaka 2006 ilianza na Korogocho, na Pamoja FM mwaka uliofuata ikaanza na Kibera. Watu wakazisikiliza kwa sababu zilitaja vichochoro wanavyopita.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, andikeni miezi miwili bila kuchapisha. Kila makala isomwe na mmoja ambaye hakuiandika, na awe na ruhusa ya kusema “hii haiendi.” Mkimaliza miezi miwili mkiwa na makala nane nzuri, basi mmejua mwendo wenu ni makala moja kwa wiki. Ahidini hiyo moja, itoke siku ileile kila wiki. Msomaji humsamehe anayeandika kidogo. Anayeahidi kila siku kisha akanyamaza kuanzia Februari hadi Mei hasamehewi.

Hizo 45,000 msitoe. Programu ya kujengea tovuti ya WordPress ni ya bure, na kuna mapambo ya bure ya kutosha. Mtakacholipia ni jina na nafasi kwenye seva, yaani kompyuta itakayoihifadhi tovuti, na kwa tovuti ndogo hilo ni jambo la shilingi elfu chache kwa mwaka. Majina yote yanayoishia na .ke husimamiwa na shirika la KeNIC, nanyi mtanunua kupitia mawakala wake. .co.ke au .or.ke, yoyote itafaa. Jambo la kushikilia ni hili: jina lisajiliwe kwa barua pepe ya kikundi, na neno la siri lijulikane na watu wawili. Nimeona kikundi kikipoteza tovuti nzima kwa sababu kijana wa kompyuta alihamia Eldoret, akabadilisha laini, na mwaka ukaisha bila mtu wa kulipia jina.

Mkishaijenga, chukueni simu ya bei ya chini kuliko zote mlizo nazo, msimame Kayole Junction saa kumi na mbili jioni mtandao ukiwa umelemewa, mfungue ukurasa wa kwanza. Ukichelewa hadi mtu achungulie ujumbe mwingine, punguzeni picha. Wasomaji wenu wananunua bando la shilingi 20, na hawatalimalizia kwenye nembo yenu inayozunguka.

Na diwani asije kwenye uzinduzi. Atakuwa mtu wa kwanza mtakayetaka kumhoji, na atakuwa ndiye aliyekata utepe. Mkihisi lazima msherehekee, chemsheni chai.

SWALI: Mama, barabara ya kwetu ilichimbwa, ikaachwa hivyo hivyo. Fundi aliyekuwa akifanya kazi hapo ametuambia pesa zote zilishalipwa na diwani amekula. Tuna sauti yake kwenye simu. Tunaweza kuandika “Diwani ala pesa za barabara”? – Wapekuzi, Dandora

JIBU: Hapana. Mlicho nacho ni fundi mmoja aliyesikia.

Kwanza mjue barabara ni ya nani. Nyingine ni za kaunti, nyingine ziko chini ya Mamlaka ya Barabara za Miji, KURA. Mlango mnaopaswa kubisha unabadilika kulingana na jibu hilo. Halafu mkumbuke kwamba kazi ya diwani kikatiba ni kuwakilisha, kutunga sheria za kaunti na kuisimamia serikali ya kaunti. Malipo kwa mwanakandarasi hutiwa saini na maafisa wa upande wa utendaji. Haimaanishi diwani ni msafi. Inamaanisha mtu aliyesaini karatasi anaweza kuwa mwingine kabisa, nanyi mmemwacha akilala usingizi.

Pili, tafuteni hiyo karatasi. Serikali ina tovuti ya zabuni, tenders.go.ke, ambako taasisi za umma hutangaza zabuni na kandarasi zilizotolewa. Anzieni hapo, ingawa si kila kitu huwekwa. Kisha andikeni barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza namna. Barua inaweza kuwa ya Kiswahili au Kiingereza. Huhitaji kueleza unaitakia nini. Afisa ana siku 21 kujibu, na kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Akinyamaza, sheria inahesabu kwamba amekataa, na mnaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, ile watu wanayoiita Ombudsman.

Ombi liwe jembamba. Msiandike “tunataka habari zote kuhusu barabara za Dandora.” Andikeni: mkataba wa kukarabati barabara hii kutoka hapa hadi pale, jina la mwanakandarasi, kiasi kilichokubaliwa, kiasi kilicholipwa na tarehe, na cheti cha kukamilika kwa kazi kama kipo. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo. Muhuri huo ndio utakaowahesabia siku 21.

Wakati mnasubiri, kuna habari mnayoweza kuandika leo bila wasiwasi: barabara ilichimbwa mwezi fulani, kazi ilisimama siku fulani, picha ni hizi, tumeandika barua tarehe hii na tunangoja jibu. Wasomaji watahesabu siku pamoja nanyi. Nakuhakikishia hiyo peke yake huwatoa watu jasho ofisini.

Kuhusu kushtakiwa: mwaka 2017 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa jinai. Watu wengi walisikia hapo wakadhani wamefunguliwa. Kesi ya madai ya kashfa bado ipo kama zamani, na mkisema jambo ni kweli ni juu yenu kuthibitisha. Isitoshe, ile Sheria ya Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 iliweka makosa yake kuhusu kuchapisha uongo. Imekuwa ikipingwa mahakamani tangu mwaka ilipopitishwa, lakini kijana anayelala kituo cha polisi Ijumaa hadi Jumatatu hapati nafuu kwa hoja za mawakili. Kama kikundi chenu hakijasajiliwa, atakayeshtakiwa ni wewe na mwenzako, kwa majina yenu ya kitambulisho.

Sauti ya fundi itunzeni. Jina lake msilitaje popote, hata kwenye kundi lenu la WhatsApp.

SWALI: Mama Mhariri, tukipiga picha za watoto wa shule wakicheza mpira kwa ajili ya habari za michezo, lazima tuombe ruhusa? – Kocha, Kariobangi

JIBU: Ombeni, kwa mzazi au kupitia shule. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa data ya mtoto, na picha ya sura yake ni data. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya hapa Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ni kweli sheria hiyo inaipa kazi ya uandishi wa habari nafasi yake pale penye manufaa ya umma, lakini mechi ya darasa la sita si mahali pa kuipima. Pigeni picha kwa mbali, au mgongoni penye nambari. Na mtoto aliyefanyiwa ubaya, au anayedaiwa kutenda kosa, sura yake na jina lake visionekane kabisa, wala jina la mama yake, wala rangi ya geti la kwao.

SWALI: Mama, tulianza kumi na wawili kwa moto mkali. Sasa tumebaki watatu, na mmoja ni mume wangu. Tunawashikaje watu tusiowalipa? – Mama wa Githurai 44

JIBU: Pole dada. Mpe mumeo salamu, na usimpe kazi zaidi.

Watu hawa hawakukimbia kwa kukosa mapenzi. Nadhani mliwaambia “andikeni chochote,” na mtu anayetoka mjengo saa kumi na moja jioni akiambiwa aandike chochote, ataoga alale. Mpe kila mmoja kitu kimoja kisichokwisha. Huyu anafuatilia maji: ratiba ya mgao inasema siku gani, na mferejini kwake yalifika siku gani. Yule yuko karibu na kwa chifu, aandike aya tano baada ya kila baraza. Mwenye watoto shuleni afuatilie karo na ada zinazoongezwa katikati ya muhula. Anayeuza sokoni ana habari nzuri kuliko wote, bei ya sukuma wiki, vitunguu na mafuta ya taa, kila Jumamosi, kwenye jedwali dogo. Hilo jedwali, amini usiamini, ndilo litakalosomwa zaidi ya tahariri zako.

Wengine hawajui kuandika na wanaona aibu kusema. Wapokee kwa sauti. Atume ujumbe wa sauti wa dakika mbili, wewe uandike, kisha umsomee kabla ya kuchapisha, na jina lake litangulie juu ya makala. Jina juu ya makala ni malipo, usilidharau. Bando na nauli pia walipwe, hata kama ni shilingi 100. Kumtuma mtu mjini kwa nauli yake mwenyewe akakae City Hall ni kumfukuza kwa adabu.

Na wakienda huko wasiogope kwa kukosa kitambulisho cha mwanahabari. Kifungu cha 196 cha Katiba kinataka bunge la kaunti liendeshe shughuli zake hadharani, vikao vya kamati vikiwemo. Mwende kama raia, mvae nadhifu, na mjiandikishe langoni.

Kule Seoul, Korea Kusini, kulikuwa na jaribio kubwa la aina hii, OhmyNews, lililoanza Februari 2000 likiwa na wananchi waandishi 727. Watu husimulia hizo 727 wakasahau kwamba nyuma yao walikaa wahariri wa kuajiriwa waliosoma na kuhakiki, na kwamba mwandishi alipata ujira mdogo kwa makala iliyotumika. Nyinyi hamna Seoul, lakini mhariri mmoja mnaweza kumpata. Kila mtaa una mwalimu mstaafu wa Kiswahili anayesahihisha mabango ya kanisa kimoyomoyo. Mtafuteni, mpeni kalamu.

SWALI: Tuandike Kiswahili sanifu au Sheng? Tumegombana. – Kikundi cha Umoja

JIBU: Masimulizi yawe Kiswahili chepesi, maana bibi aliyehamia juzi kutoka kijijini naye anataka kujua maji yatakuja lini, na Sheng ya Umoja si ya Dandora. Lakini mtu akisema kitu kwa Sheng, mnukuuni alivyosema. Nimechoka kusoma makanga wa Nairobi wakinukuliwa kama mashehe wa Lamu.

SWALI: Mama, kuna mwaniaji wa kiti anayetaka kutulipia kila kitu, 50,000 kwa mwezi hadi uchaguzi wa 2027. Anasema hataingilia. Anataka tu “tumpe nafasi.” Tumeishiwa. – Kijana wa Embakasi

JIBU: “Nafasi” ndiyo kuingilia kwenyewe. Mkataeni kwa upole, kwa simu, si kwa ujumbe atakaoupiga picha na kuusambaza. Akitaka kutangaza, atangaze kama wapinzani wake wote, kwa bei ileile iliyobandikwa wazi, na neno TANGAZO likae juu kwa herufi kubwa. Mimi ningeongeza kwamba mwaka wa uchaguzi msichukue matangazo ya siasa kabisa. Mkiyachukua ya mmoja, hata kwa haki, mtaani mtakuwa mmeshaitwa watu wa fulani, na waandishi wenu ndio wanaorudi nyumbani usiku.

Pesa ndogo zitafuteni karibu. Kinyozi, duka la dawa, fundi wa simu, shule ya chekechea, kila mmoja shilingi 300 kwa mwezi. Ili mfungue akaunti na namba ya malipo ya M-Pesa kwa jina la kikundi, jisajilini kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua 10, kwa hiyo wale wanane wa Kayole waongeze wawili. Kila mwezi chapisheni kilichoingia na kilichotoka. Mtaa unaowaona mkiomba mkataba wa barabara utataka kuona na hesabu zenu, na una haki.

SWALI: Mama, tuliandika kwamba shule moja hapa imefungwa kwa sababu ya kipindupindu. Kumbe ilifungwa siku mbili wakizibua mabomba ya majitaka. Tumeshaifuta makala. Imetosha? – Mhariri chipukizi, Huruma

JIBU: Haijatosha. Ukifuta, aliyeisoma anabaki na kipindupindu kichwani na hana pa kusahihishiwa, na picha za ukurasa wenu zimeshapigwa. Irudisheni. Juu kabisa, kabla ya kichwa, wekeni tarehe na maneno yasiyozunguka: tuliandika hivi, haikuwa kweli, ukweli ni huu. Msiseme “kulikuwa na mkanganyiko.” Halafu marekebisho hayo yapelekwe kwenye makundi yaleyale ya WhatsApp mlikoitupia ile ya kwanza, na ya waumini, na ya wapangaji, na ya wazazi, na yatumwe na mtu yuleyule aliyetuma mwanzo. Kisha mpitie mazungumzo yenu muone nani aliwaambia kipindupindu, na kwa nini hakuna aliyempigia mtu wa afya kabla ya kubonyeza kuchapisha. Mwalimu mkuu mpigieni leo, mumsomee marekebisho kabla hayajatoka. Wazazi bado wanamuuliza.